Namna ya Kuhakiki Roboti Geuzi ya Mhusika Asiyejulikana

Ukihakiki Optimus Prime, kiongozi wa Transformers, zile roboti za kuchezea zinazogeuka gari au chombo kingine, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Msomaji anamjua, analijua lori lake jekundu, na uso ukikosewa atakuambia yeye kabla hujamaliza sentensi. Kwa wenzake wasiojulikana, kama Whirl, Roadbuster au Skids, hali si hiyo. Msomaji wa Kampala, Mbale au Busia atakuja na maswali mawili tu: huyu ni nani, na je, kwa hela hii napata roboti inayosimama, inayogeuka na kudumu? Swali la kwanza linajibiwa kwa aya moja. La pili ndilo uhakiki wenyewe. Mhusika maarufu hubebwa na mapenzi ya watu, hata goti lake likilegea husamehewa. Asiyejulikana hana wa kumtetea, kwa hiyo kila unalolisema juu yake lazima lionekane kwenye plastiki.

Vifaa, na boksi kabla halijakatwa

Vifaa ni vichache: rula ya sentimita 30, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, protrakta ya mkebe wa hesabu, bisibisi ndogo ya nyota, vijiti vya meno, brashi laini ya rangi za maji, tochi ya simu, na sarafu ya shilingi 500, ile yenye kichwa cha korongo, ili ukubwa uonekane kwenye picha. Sarafu ni bora kuliko kopo la soda, kwa sababu inakaa karibu na kipande kidogo bila kukifunika.

Piga picha pande zote sita za boksi kabla hujagusa mkanda. Kifurushi kilichopita mikono mingi hufika na kona zimebonyea, na muuzaji wa mbali hakusikilizi bila picha za kabla. Picha hizo pia zinahifadhi jina la mhusika, daraja la ukubwa, mwaka wa haki miliki na nchi ilikotengenezwa, mambo ambayo utayahitaji usiku unapoandika na boksi limeshapelekwa stoo. Mkanda upasue kwa ncha ya wembe tu, usizamishe, maana karatasi ya maelekezo mara nyingi imelala chini ya mfuniko. Kamba zinazofunga roboti kwenye trei zikatwe kwa mkasi. Ukizivuta, kamba iliyozungushwa kifundo cha mkono inaweza kuondoka na kiganja.

Usitupe chochote mpaka umehesabu vipande ukilinganisha na mchoro wa maelekezo. Bunduki ndogo, makombora na ngumi za kupachika hufichwa nyuma ya trei, na ndizo zinazoishia kwenye takataka. Linganisha pia kushoto na kulia. Kosa la kiwandani linalojirudia kwenye roboti hizi ni kuungwa vipande viwili vya upande mmoja: mapaja mawili ya kushoto, au kisigino cha kulia kwenye mguu wa kushoto. Roboti ya namna hiyo itasimama vizuri tu, lakini gari halitafunga, na mhakiki asiyejua atalaumu usanifu wakati mkosaji ni aliyeunga. Weka miguu yote miwili ubavu kwa ubavu na utazame skrubu: zinatakiwa ziwe kama taswira kwenye kioo. Zikiangalia upande mmoja, umelipata kosa.

Huyu ni nani?

Maneno mia moja na hamsini yanatosha, na yajibu mambo matatu: kalibu yake (umbo la kumiminia plastiki) ilitoka wapi, hadithi yake iliandikwa wapi, na toleo hili jipya linaiga sura ipi kati ya zile alizowahi kuwa nazo.

Asili ya kalibu mara nyingi ndiyo sababu ya mhusika kusahaulika. Kampuni ya Marekani ya Hasbro ilipoanza kuuza Transformers mwaka 1984, roboti zake nyingi zilikuwa za kampuni ya Takara ya Japani, kutoka mifululizo ya Diaclone na Micro Change, zikapewa majina na tabia mpya. Lakini si zote. Whirl, anayegeuka helikopta, na Roadbuster wa mwaka 1985 walitoka kwenye kalibu za Takatoku, kampuni nyingine kabisa, zilizotengenezwa kwa ajili ya Dorvack, katuni ya Kijapani ya roboti za kivita. Roboti wanne wakubwa wa mwaka huohuo wanaogeuka wadudu, Barrage, Chop Shop, Ransack na Venom, nao ni wa Takatoku. Kwa kuwa hawakuwa wa Takara, hawakupewa nafasi kwenye katuni ya televisheni. Mtoto wa wakati ule angeweza kumwona Whirl dukani na asimwone hata siku moja kwenye skrini. Whirl na Roadbuster walipata uhai kwingine, kwenye katuni za kuchapishwa za Marvel ya Uingereza mwaka 1986, wakiwa katika kikosi cha Wreckers.

Maelezo ya namna hii yana kazi ndani ya uhakiki. Ukiandika kwamba Whirl mpya "hafanani na wa katuni", umeandika upuuzi, kwa sababu kwenye katuni ya wakati ule hakuwepo. Sema unampima kwa kipi: roboti ya 1985, mchoro wa boksi, au katuni za kuchapishwa za kampuni ya IDW ambamo ana jicho moja na makucha badala ya viganja. Anayemtaka huyo wa makucha hatafurahia mikono yenye vidole hata ikiwa imechongwa vizuri namna gani, na ni haki yake kuambiwa mapema.

Skids ni mfano mwingine. Toleo la 1985 lilikuwa Honda City Turbo, kigari kifupi cha Kijapani, kutoka Diaclone. Kwenye boksi aliandikwa kuwa mwananadharia, mtu wa mawazo mengi; majina na wasifu mwingi wa enzi ile uliandikwa na Bob Budiansky wa Marvel. Wasifu huo ulikuja na grafu ya nguvu, akili, kasi na mengineyo, isiyosomeka mpaka uweke juu yake kipande cha plastiki nyekundu kilichokuwa ndani ya boksi. Toleo la Skids la mwaka 2022, la daraja la Deluxe (ukubwa wa kati) katika mfululizo wa Legacy, linarudia umbo la kigari hicho. Kwa msomaji anayeishi kati ya Noah, Wish na Premio, taja kwamba ni gari fupi lenye pua iliyokatwa wima, vinginevyo atadhani sehemu ya mbele imesahauliwa kiwandani.

Taja pia kama kalibu imetumika kwa wahusika wengine. Crosscut wa Japani, kwa mfano, ni Skids aliyebadilishwa rangi. Wahusika wasiojulikana huzaliwa sana kwa njia hiyo, na mnunuzi anayekaribia kulipa mara mbili kwa mwili uleule anastahili kujua.

Vipimo

Pima urefu kutoka kwenye kisigino mpaka utosini. Mizinga ya mabegani, mbawa na mapanga ya rafadha yapimwe kando. Madaraja ya sasa ya ukubwa yana urefu wa kukadiria: Core karibu sentimita 9, Deluxe karibu 14, Voyager karibu 18. Ikiwa roboti iliyoandikwa Deluxe inafika sentimita 12 tu, iseme, kisha tazama kama plastiki iliyopungua kwenye urefu imekwenda kwenye silaha au kwenye gari. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Pima na urefu wa gari au helikopta yenyewe. Uzito upime bila silaha, halafu pamoja nazo. Tofauti ikiwa kubwa, utaelewa kwa nini mkono unaanguka.

Plastiki

Roboti moja huwa na plastiki tatu au nne tofauti, na kila moja ina ugonjwa wake. Sehemu ngumu zenye rangi, kifua, mapaja, paa la gari, kwa kawaida ni ABS. Inashika umbo vizuri, lakini ikikunjwa kupita kiasi inaacha mstari mweupe kabla ya kuvunjika. Mstari huo ukiuona kando ya pini siku ya kwanza, umebakiza muda tu. Viungo vingi hutengenezwa kwa plastiki yenye utelezi kidogo, ngumu kushika rangi. Ndiyo maana bega la bluu iliyopakwa huchubuka na kuacha alama isiyofanana na kifua cha bluu cha kuzaliwa nacho. Bunduki na panga laini ni PVC, hupinda ndani ya boksi. Na kuna plastiki angavu ya vioo vya gari, nzuri machoni na dhaifu kuliko zote pale inapopitishwa pini.

Kwa hiyo unapotazama, anza na mahali ambapo plastiki angavu imefanywa kiungo. Ukikuta kioo cha mbele cha gari ndicho bawaba inayobeba kifua kizima, andika onyo. Washa tochi ya simu nyuma yake: ufa huonekana kama uzi unaong'aa hata kabla haujafika juu.

Rangi itazamwe kandokando ya dirisha, roboti ikiwa imelazwa pembe ya digrii 45 hivi. Hapo ndipo unaona pale brashi ya kiwandani ilipovuka mpaka, macho yaliyochapwa yakasogea upande, na makovu ya kalibu, yaani vijipele vilivyobaki pale kipande kilipokatwa kwenye fremu yake. Kovu kwenye nyayo halina neno. Kovu katikati ya paji la uso ni kosa.

Kwa matoleo ya zamani, ongeza mambo mawili. Plastiki ya rangi ya dhahabu yenye chengachenga za metali, iliyotumika mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea kwa muda, ina sifa mbaya: hugeuka kama biskuti, ikavunjika ukiigusa, hata ikiwa haijawahi kutoka ndani ya boksi. Usiigeuze kwa ajili ya uhakiki. Piga picha, eleza, rudisha. La pili ni kromu, ile ngozi inayong'aa kama kioo. Haivumilii spirit wala kusuguliwa; pangusa kwa brashi kavu tu.

Viungo, kimoja kimoja

Usiandike "inajipinda vizuri". Andika kiungo, aina yake, na kinafika wapi. Boljointi, kama mafundi wa gari wanavyoiita, huzunguka pande zote na hulegea kwa matumizi. Bawaba ya pini hupinda upande mmoja na hudumu. Kiungo cha meno kinalia tik-tik na kushika vizuri, ila hukupa vituo vichache: kama meno yamepangwa kwa digrii 30, basi mguu utakuwa umefungwa au umetanuliwa, katikati hakuna.

Anzia shingoni ushuke: shingo, bega, mzunguko wa juu ya kiwiko, kiwiko, kifundo, kiuno, nyonga, paja, goti, kifundo cha mguu. Weka protrakta kando ya kiwiko na goti. Digrii 90 ni kiwango cha kawaida siku hizi. Chini ya hapo lalamika. Kiungo ambacho wahakiki wengi hukipita ni kifundo cha mguu kinachoinama kushoto na kulia, nacho ndicho kinachoamua kama roboti itasimama miguu ikiwa imepanuliwa. Bila mwinamo huo inasimama kwa ukingo wa nyayo na kuanguka gari la taka likipita barabarani.

Jaribio la kushika ni rahisi. Nyoosha mkono mmoja mlalo, weka bunduki nzito kuliko zote zilizokuja naye, acha dakika kumi. Ukishuka, eleza umeshuka kiasi gani na kiungo kipi kimekubali. Huwa ni bega, lakini mara nyingine ni ule mzunguko wa juu ya kiwiko. Rudia mkono wa pili. Halafu jaribu kila tundu la silaha: matoleo ya sasa hutumia vishikizo vya milimita 5, na tundu moja kubana huku jingine likilegea ni jambo la kawaida. Usikisukume kishikizo kinachobana mpaka mwisho. Kiganja chembamba hupasuka upande wa vidole, na ufa huo hautibiki.

Mgeuko

Hapa ndipo penye uzito. Roboti hii inauzwa kwa sababu inageuka, na kwa mhusika asiyejulikana msanifu mara nyingi huwa ameachiwa uhuru: hakuna anayedai kifua kiwe kioo cha lori, kwa hiyo anaweza kujaribu njia mpya. Wakati mwingine unapata maajabu. Wakati mwingine unapata helikopta ambayo chini yake kuna roboti amejikunja anaonekana wote.

Igeuze mara tano kabla ya kuandika:

1. Mara ya kwanza kwa karatasi ya maelekezo, polepole, bila saa. Tia alama kila mchoro uliokufanya usimame.
2. Mara ya pili bila karatasi. Ukikwama mahali palepale, tatizo ni la usanifu. Ukipita, tatizo lilikuwa mchoro.
3. Mara ya tatu kwa saa ya simu, kwenda na kurudi. Andika dakika.
4. Mara ya nne ukirekodi video kutoka juu, simu ikiwa imeegemezwa, mikono yako isifunike vipande.
5. Mara ya tano kesho yake, ukichunguza kilicholegea, kilichochubuka, na kilichoacha mstari mweupe.

Kipande kikigoma, kiache. Karibu kila mara kuna kijino kidogo ambacho hakijaachia mahali usipopaona, na nguvu haitakisaidia. Kinachovunja zaidi ni kukosea mpangilio: mikono ikikunjwa kabla kiuno hakijazungushwa, mabega yanakutana na paa, na mtu analazimisha.

Chukua mfano wa gari ambalo paa lake limegawanywa mara mbili na kila nusu inabebwa mgongoni mwa mguu. Nusu mbili zinaungana kwa kijino kisichozidi milimita tatu. Kisigino kikibaki nje kwa milimita mbili tu, mguu mzima unasukuma mlango, mlango unasukuma paa, na ufa mweusi unafunguka kutoka kioo cha mbele mpaka bampa. Ukibana kwa vidole unafunga. Ukiachia unafunguka tena taratibu, kwa sauti ndogo ya tak. Mhakiki mvivu ataandika "paa halifungi". Anayejua atarudi kisiginoni, akizungushe mpaka kilie, na paa litakaa lenyewe bila kubanwa. Hayo ndiyo maelezo ambayo msomaji hawezi kuyapata kwenye karatasi, na kama uhakiki wako hauna hata moja la namna hiyo, hujaigeuza vya kutosha.

Ikishakuwa gari, iweke mezani kwenye kioo au kigae. Magurudumu yote manne yanagusa? Telezesha, je, inakwenda au inakwaruza kidevu? Inyanyue uelekeze dirishani na utazame mwanga unapenya wapi. Kwa helikopta, zungusha mapanga: yakigonga mkia, ni kosa kubwa. Kisha geuza chini juu upige picha. Wauzaji hawakuonyeshi chini kamwe, na ndiko uso wa roboti na ngumi zake zinakojificha.

Matatizo, na kama yanatibika

Kanuni moja kwanza: eleza hali kabla ya kutibu. Roboti uliyoitengeneza ukaihakiki kama mpya ni uongo kwa mnunuzi atakayepata ile isiyotengenezwa.

Boljointi iliyolegea hutibiwa kwa rangi ya kucha isiyo na rangi: ichomoe, paka utando mwembamba kwenye tufe, iache ikauke usiku kucha huku ikiwa nje, ndipo uirudishe. Ukiirudisha mbichi unaigundisha. Supa gluu hutumiwa na wengine kwa kazi hiyo, ila mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu iliyo karibu, na tone moja zaidi hufunga kiungo milele. Kiungo chenye skrubu kikilegea, kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena. Ukikaza kwa mara moja unapasua kitako cha plastiki kinachoshika skrubu.

Kiungo kilichobana sana huwa kimegandishwa na rangi. Kipashe moto kwa draya ya nywele dakika moja au kitumbukize kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, halafu kizungushe taratibu. Kikiendelea kulia, tone la mafuta ya silikoni kwa ncha ya kijiti. Mafuta ya cherehani yasitumike: yale ya petroli yanaweza kuipasua plastiki iliyo kwenye mvutano, na ufa hutokea baadaye, ukiwa umeshasahau ulichofanya. Panga la PVC lililopinda linyooke kwa maji ya moto hayohayo, kisha litumbukize kwenye maji baridi likiwa limenyooshwa.

Vumbi la murram ni adui wa kwetu hasa. Punje zake huingia kwenye viungo vya meno na kuvisaga. Brashi kavu kila wiki kwa roboti iliyo rafuni, na kabla ya kuigeuza. Wanaoishi karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, watazame pini za chuma: unyevu huziotesha kutu, na kutu hupasua plastiki iliyozizunguka. Ukiiosha roboti, ikaushe kwa kuipepea, usiiache na maji kwenye matundu ya skrubu.

Plastiki nyeupe hugeuka ya manjano kwa jua na umri. Peroksaidi ya saluni ya asilimia 12 inaweza kuirudisha, ikipakwa sawasawa na kuwekwa mwangani, glavu mikononi, stika na rangi zikiwa zimekingwa. Lakini umanjano huweza kurudi, na plastiki huweza kuwa dhaifu zaidi. Ukihakiki roboti iliyong'arishwa, sema imeng'arishwa.

Feki na za mkono wa pili

Mhusika asiye na jina hana feki nyingi, kwa kuwa hana soko. Hata hivyo roboti zisizo na chapa zimejaa maduka ya katikati ya jiji, na baadhi ni nakala za kalibu halisi. Dalili zake: mstatili laini chini ya mguu pale alama ya haki miliki ilipofutwa, pini zinazochungulia pande zote mbili, ukubwa uliozidi au kupungua ule wa asili, na boksi lisilotaja jina la mhusika popote. Feki inaweza kuwa na viungo vizuri. Ihakiki kwa haki, lakini kichwa cha habari kiseme ni feki.

Kwenye marundo ya mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, huokotwa roboti za zamani, zikiwa bila silaha na bila karatasi. Za kuanzia 1985 mara nyingi zina stika ndogo nyeusi ya mraba: ibonyeze kwa kidole gumba sekunde kadhaa, na joto litaifanya ionyeshe nembo ya kundi lake. Isipoonyesha, usiseme ni feki. Stika hizo huchoka. Orodhesha kilichopo na kisichopo, na usikadirie bei kwa kutazama toleo kamili.

Picha

Karatasi ya manila nyeupe au ya kijivu, iliyobandikwa ukutani na kuachwa ishuke mezani kwa mkunjo mlaini, inatosha kuwa studio. Uganda jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na mchana huwa utosini, linaweka kivuli kizito chini ya kidevu cha roboti. Piga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kwenye dirisha linalotazama magharibi, au jioni kwenye la mashariki, ili jua lisiingie moja kwa moja. Karatasi nyingine nyeupe iwekwe upande wa kivuli irudishe mwanga. Rudi nyuma na utumie kukuza mara mbili. Simu ikisogezwa karibu mno inaifanya miguu kuwa kama ya tembo na kichwa kama punje. Umeme ukikatika hupotezi chochote, na taa ya dari hata ukiwa nao huharibu rangi.

Picha za lazima: mbele, nyuma, pande mbili, gari pande zote pamoja na chini, sarafu kando, na kila kosa kwa karibu. Moja iwe na roboti nyingine ya daraja lilelile inayojulikana zaidi, kwa sababu msomaji hana namna nyingine ya kumweka mhusika huyu kwenye rafu yake.

Bei

Bei ya dola iliyoandikwa mtandaoni haimsaidii mtu wa hapa. Andika bei ya kufika mkononi, na mwezi ulionunua. Tuseme roboti ni shilingi 100,000 na usafirishaji 60,000. Ushuru wa forodha ukikadiriwa asilimia 25 ya jumla hiyo, ni 40,000. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya vyote pamoja, yaani 200,000, ambayo ni 36,000. Umefika 236,000, bado tozo ndogo zitakazoonekana kwenye karatasi ya tathmini, na boda ya kuifuata posta. Roboti iliyokuwa "ya laki moja" imezidi maradufu, na hukumu yako lazima iwe ya roboti ya 236,000. Kiwiko kinachogota digrii 70 kinavumilika kwa laki. Kwa laki mbili na nusu, sivyo. Ukiagiza tatu kwenye kifurushi kimoja, gawanya usafirishaji kwa uzito, si kwa idadi.

Kuandika

Hukumu iwe juu, kwenye aya ya pili, baada ya kumtaja mhusika. Wanaosoma kwa bando la siku hawana muda wa kushuka mpaka chini kutafuta jibu. Alama za nane kwa kumi ni za kupamba tu; kwa mhusika asiye na wa kulinganishwa naye hazina maana. Badala yake sema anamfaa nani: anayekusanya kikosi cha Wreckers, anayependa migeuko migumu, mzazi anayetaka kitu kisichovunjika. Kwa mzazi, taja vipande vidogo vinavyoweza kumezwa, na useme wazi kama roboti hii ni ya rafuni na si ya mtoto wa miaka minne.

Tenganisha unachokipenda na kinachofanya kazi. Unaweza kumpenda Whirl kwa ubishi wake na bado ukaandika kwamba mkia wa helikopta unachomoka kila mara. Aya mbili tofauti, ili asiyempenda aisome ya pili pekee.

Baada ya miezi mitatu ishushe rafuni, igeuze tena, na upitie viungo vilevile kwa protrakta ileile. Nyonga zilizokuwa imara mara nyingi ndizo zinazolegea, na plastiki nyeupe iliyokaa karibu na dirisha inaanza kutofautiana na ile ya ndani ya mikunjo. Matokeo yaweke juu ya uhakiki wa kwanza pamoja na tarehe, na ya zamani yaache yalivyo.